Talaka: nani ameshika kamba?

Wiki hii ya majaribio imenitoa jasho, ndiyo maana nimepotea. Leo nimepata nafasi, na nina jambo la kuwaeleza ambalo limenikaa rohoni tangu juzi.

Juzi usiku mwenzangu wa chumba aliingia, akatupa begi kitandani, akasema neno moja tu: "Kibuti."

Hatukuhitaji tafsiri. Dakika tano baadaye chumba kilishajaa. Mmoja kaja na chai ya rangi, mwingine na maandazi yaliyobaki tangu asubuhi, na kila mmoja kaja na historia yake. "Bora umepigwa chini mapema." "Mimi nilimwagwa siku moja kabla ya UE." "Wa kwangu alinitema kwa meseji, tena ya maneno manne." Tulicheka, tukalia kidogo, tukacheka tena.

Mimi nasoma ualimu, Kiswahili na Historia, na ugonjwa wangu mnaujua: siwezi kusikia maneno bila kuyapanga foleni. Kupigwa kibuti. Kupigwa chini. Kumwagwa. Kutemwa. Kuachwa. Yote ni kauli ya kutendwa! Maji humwagwa, bazoka hutemwa, na buti ni kile kiatu kizito ambacho ukipigwa nacho teke unajua umepigwa. Anayemwaga yupo, lakini simulizi zote huwa zinabebwa na aliyemwagwa.

Hapo nikakumbuka deni langu.

Mwaka jana nikiwa BTP katika shule moja ya kata, nilifundisha kidato cha pili mnyambuliko wa vitenzi. Nikaandika ubaoni: acha, achwa, achia, achana, achika, achisha. Nikawa najisifu moyoni kwamba leo somo limekolea. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, mbona baba akiondoka tunasema kamwacha mama, lakini mama akiondoka tunasema kamkimbia mume wake?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikafanya wanavyofanya walimu wasio na jibu: "Swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho." Kipindi kijacho hakikufika. Wiki mbili baadaye BTP iliisha nikapanda basi.

Haya ndiyo majibu yangu, yamechelewa lakini yamefika. Na nitayapitisha kwenye neno moja ambalo binti yule hakulitaja, ila ndilo limelala chini ya swali lake: TALAKA. Wengine mnaotoka bara mnaita taraka, sawa tu, tunaelewana.

Kuacha ni neno letu la kila siku. Unaacha shule, unaacha sigara, unaacha mlango wazi, unaacha mke. Halina sheria ndani yake. Talaka ni neno la sheria, na tumelipata kwa Kiarabu pamoja na ndugu zake kina mahari, eda na kadhi. Shina lake ni konsonanti tatu, t-l-q, na maana yake ya msingi si kuvunja wala kufukuza. Ni kufungua, kuachia huru. Waarabu wa zamani walitumia shina hilohilo kwa ngamia jike aliyefunguliwa kamba akaachwa aende malishoni apendako.

Nilipolisoma hilo maktaba nilinyamaza kidogo. Miaka yote nimelisikia neno talaka likitamkwa kama msiba, kumbe kwenye mizizi yake kuna kamba inayofunguliwa.

Sasa kama kuna kamba, swali la mwanahistoria ni moja: nani ameishika?

Tuanzie pwani, ambako neno hili limekaa karne nyingi pamoja na Uislamu wa madhehebu ya Shafii. Katika fiqhi mume ndiye anayetamka talaka. Akitamka moja, mke anakaa eda, ambayo kwa mwenye kupata siku zake huhesabiwa kwa vipindi vitatu, na kwa mjamzito mpaka ajifungue. Ndani ya eda mume anaweza kumrejea, ndiyo maana ya talaka rejea. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu imekata: hawezi kumrudia mpaka mwanamke aolewe na mwingine kwa ndoa ya kweli na ndoa hiyo nayo iishe. Mkisikia mtu wa pwani anasema "kamwandikia tatu", ujue hapo hakuna tena wa kupatanisha.

Lakini kamba haikuwa mkononi mwa mume peke yake. Mke aliweza kujivua kwa kurudisha mahari au kutoa malipo waliyokubaliana, njia inayoitwa khului. Zanzibar watu wanasema waziwazi "kununua talaka". Tena aliweza kwenda kwa kadhi kueleza kwamba mume hamtunzi au anamtesa, na kadhi akaivunja ndoa mwenyewe, ambayo ni fasikhi. Kwa hiyo njia tatu: mume kufungua, mke kununua ufunguo, kadhi kukata kamba. Mtaani tumeikariri ya kwanza tu.

Mtafiti Mmarekani Susan Hirsch alikaa kwenye mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980, na mwaka 1998 akatoa kitabu ambacho jina lake ukiligeuza ni kama "Kutamka na Kuvumilia". Yaani mwanamume wa pwani anajulikana kwa kutamka, mwanamke kwa kuvumilia. Ndivyo watu wanavyosema. Lakini alipohesabu waliokuwa wanafungua kesi, wengi walikuwa wanawake, na wengi wao walishinda. Waliotakiwa kuvumilia kimya walifika mbele ya kadhi wakasimulia kila kitu! Mimi hapo nilifunga kitabu nikapiga makofi peke yangu, mkutubi akaniangalia vibaya.

Kisha angalieni neno mtalaka. Magazeti yetu yanaandika "mtalaka wake" kwa mwanamume na kwa mwanamke bila ubaguzi. Mtaani likitajwa linamwangukia mwanamke. Mwanamume aliyeachana na mkewe anarudi kuwa "fulani" tu. Na ule msemo wa vijiweni, mtalaka hatongozwi, maana yake ni kwamba aliyekuwa wako hana haja ya kubembelezwa, ni kukumbushana tu. Anayesemwa hapo mara nyingi ni nani? Jibu mnalo.

Ila pwani hiyohiyo ilimjua mtalaka wa namna nyingine. Ndoa ya kwanza ya binti ilipangwa na wazee. Akishaachika, akienda kuolewa mara ya pili, alikuwa na kauli zaidi juu ya nani na wapi. Mfano ninaoupenda ni Siti binti Saad, yule ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watumwa, akaolewa, akaachika, na mwaka 1911 akahamia mjini Zanzibar. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi taarab kwenye santuri. Sisemi talaka ndiyo iliyompa sauti, sauti alikuwa nayo. Ninachosema ni kwamba mwanamke yule aliyefunguliwa alitembea, akafika mbali kuliko watu wa kwao walivyotarajia.

Tukipanda bara, kamba inabadilika. Kwa jamii nyingi za ukoo wa baba, ndoa haikufungwa kwa neno la mume wala karatasi, ilifungwa kwa mahari, mara nyingi ng'ombe. Ndoa ikivunjika swali la kwanza lilikuwa: ng'ombe wangapi warudi? Wakati wa ukoloni Mwingereza alimtumia mtaalamu wake wa mila, Hans Cory, kukusanya taratibu hizo, na baada ya uhuru zikaingizwa kwenye tangazo la serikali namba 279 la mwaka 1963. Humo marejesho ya mahari yanategemea nani mwenye kosa na wamezaliwa watoto wangapi. Sasa fikiria baba yako ameshaoza ng'ombe wale kwa kumwolea kaka yako. Ukitaka kuondoka kwa mumeo, ng'ombe watoke wapi? Ndiyo maana wazazi walimrudisha binti kwa mumewe hata akiwa na alama za kipigo. Haikuwa roho mbaya tu, ilikuwa hesabu. Na hapa, mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma, ndipo nadhani unapata sehemu ya jibu lako: mwanamke aliyetoka bila hesabu kufungwa hakuhesabiwa kuwa "ameacha". Alihesabiwa kuwa amekimbia na deni la watu.

Hivyo nchi yetu ilipopata uhuru ilikuwa na ndoa za kila aina na talaka za kila aina. Mahakama za kadhi za Tanganyika ziliondolewa katika mageuzi ya mahakama ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Zanzibar na Kenya zimebaki nazo hadi leo. Mwaka 1969 serikali ikatoa waraka wake wa kwanza wa mwaka huo, ikipendekeza sheria moja ya ndoa kwa watu wote. Kukawa na ubishi mkubwa, maana waraka uligusa dini, mila na vyumba vya watu kwa pamoja. Hatimaye ikapita Sheria ya Ndoa namba 5 ya mwaka 1971, ikaanza kutumika Mei Mosi mwaka huohuo, kwa Tanzania Bara.

Sheria hiyo ilifanya jambo ambalo wengi mtaani hatujalielewa mpaka leo: ilichukua kamba ikaipeleka mahakamani. Mume akitamka talaka tatu mbele ya mashahidi kumi, kisheria ndoa ipo palepale. Kwanza mgogoro uende Baraza la Usuluhishi la Ndoa (kifungu cha 101 kina mambo machache yanayosamehewa hatua hii). Baraza likishindwa kupatanisha linatoa hati, na hati inakwenda mahakamani, hata mahakama ya mwanzo inatosha. Mahakama inaangalia kitu kimoja, kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 107 kinataja vinavyoweza kuonyesha hivyo: ugoni, ukatili, kutojali kwa makusudi, kutelekezwa miaka isiyopungua mitatu, na mengineyo. Kwa ndoa ya Kiislamu, baraza likishatoa hati kwamba limeshindwa, na mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inatoa amri ya talaka.

Mnaona kilichotokea kwenye sarufi? Mume haachi. Mke haachwi. Mahakama inavunja, na yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye aliyeomba.

Mwaka 1983 likaja jingine. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliulizwa kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114. Ikajibu ndiyo: kupika, kufua, kulea ni mchango. Wanafunzi wa sheria hapa chuoni wanaikariri kesi hiyo kama sisi tunavyokariri ngeli. Mwanamke mwenyewe katika kesi ile hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona alishapewa fedha na mume akazitumia ovyo. Lakini kanuni ilibaki, na maelfu waliokuja nyuma yake wameegemea hapo.

Basi, historia ya kitabuni inaishia hapa. Sasa niwaambie kwa nini sikumjibu yule binti siku ile. Swali nililielewa sana. Lilikuwa la nyumbani kwetu.

Mimi nimekulia Tanga. Baba aliondoka mwaka 2008 kwenda machimboni kutafuta maisha, nikiwa na miaka mitano. Mwaka wa kwanza alituma hela. Wa pili alituma salamu. Wa tatu tukasikia ana familia huko. Hakurudi, hakuandika, hakutamka. Na mtaa mzima ukampa mama jina: "yule aliyeachwa." Shuleni nilipigana mara mbili kwa sababu ya neno hilo.

Nilipomaliza kidato cha sita nikawa natafuta cheti changu cha kuzaliwa kwa ajili ya maombi ya mkopo. Mama akaniambia kipo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Ndani, chini ya kadi za kliniki, nikakuta nakala ya hukumu ya mahakama ya mwanzo ya mwaka 2014. Kwenye mstari wa MDAI kulikuwa na jina la mama.

Nikatoka nayo uani. Mama alikuwa anaroweka mchele wa vitumbua.

"Mama, kumbe wewe ndiye uliyedai talaka?"

Hakugeuka hata. "Ulidhani nani?"

"Watu wote wanasema uliachwa."

"Mwanangu, mimi sikuachwa. Ningeachwa ningeshukuru."

Kisha akanieleza, mikono ikiwa ndani ya maji. Miaka sita alikuwa si mke wala si mtalaka. Mume hana, lakini kuolewa hawezi. Qurani yenyewe inakataza kumwacha mke kama aliyetundikwa, na yeye, anasema, alikuwa ametundikwa kama nguo kwenye kamba iliyosahaulika mvua ikinyesha. Alipotaka kukopa kwa kuweka nyumba rehani ili apanue biashara, mkopeshaji akamwambia alete sahihi ya mume. Sheria hiyohiyo ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Iliwekwa mke asije akauziwa nyumba kichwani. Kwa mama ikawa pingu, maana mwenzi mwenyewe yuko mgodini hapokei simu.

Akaenda kwenye baraza. Baba akaitwa mara mbili, hakutokea. Baraza likaandika hati yake, mama akaipeleka mahakamani. Akaulizwa miaka, akataja. Akaulizwa mashahidi, akampeleka bibi na jirani mmoja. Ndoa ikavunjwa, na nyumba, ambayo matofali yake yalitokana na vitumbua, ikabaki kwake. Kuna waliosema talaka ya mahakama si talaka. Ustadhi wa mtaani kwetu, Mungu amlipe, akawajibu kwamba kadhi kuvunja ndoa ya mwanamke aliyetelekezwa si jambo jipya, fasikhi ipo vitabuni kabla ya babu zao kuzaliwa. Mama akakaa eda yake. Ilipoisha, anasema, alikoga, akavaa kanga mpya, akaenda sokoni kwa njia ndefu ili apite mbele ya kila nyumba.

"Mbona hukuwaambia watu?" nikamuuliza.

"Niliwaambia. Kiswahili chao hakikuwa na pa kuliweka."

Mwe! Hiyo kauli nimesoma isimu miaka miwili sijakutana na iliyonichoma hivyo.

Lakini nadhani mama alikosea kidogo, na hili ndilo ninalotaka kumwambia binti wa dawati la nyuma. Kiswahili kina pa kuliweka. Tuna achana, kauli ya kutendana, ambayo inawapa wote wawili mkono kwenye tendo. Tuna kujivua. Tuna "alidai talaka", na wadai wapo katika kila mahakama ya mwanzo nchini kila wiki. Na tuna talaka yenyewe, ambayo tangu mwanzo ilikuwa kufungua. Tulichokosa si neno. Tumezoea kuuliza "nani kamwacha nani?" wakati swali la haki ni "nani alibaki amefungwa, na nani alimfungua?"

Siisifii talaka, msije mkanielewa vibaya. Nimekua bila baba na najua bei yake. Ila bei ile tuliilipa kwa miaka sita ya kutokuwa na talaka. Siku karatasi ilipotoka ndipo nyumbani kwetu palipopoa. Uhusiano ulishavunjika zamani. Talaka ilikuja kukata kamba iliyobaki shingoni.

Usiku ule bwenini, wenzetu walipoondoka, mwenzangu wa chumba alizima taa akasema gizani, "Kwa hiyo nimeachwa."

Nikamuuliza, "Alikwambia lini mara ya mwisho kwamba anakupenda?"

Akafikiri sana. "Mwaka jana."

"Basi hujaachwa juzi. Juzi umefunguliwa."

Akanitupia mto. Lakini asubuhi nilimsikia bafuni anaimba.

Binti wa dawati la nyuma, kama unasoma hapa: lile lilikuwa swali zuri kweli. Endelea kunyoosha mkono.